Mbizi zake 94, zangu 17

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mkaazi wa Tudor, Mombasa, nina miaka 34. Miaka saba iliyopita mimi na mume wangu tulisomea kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, hapo Nyali, na cheti tulipata siku moja. Leo daftari lake lina mbizi 94. Langu lina 17, na ya mwisho ni ya mwaka juzi. Yeye husema, kwa upole tu, kwamba wanawake huupenda mchezo huu mwanzoni kisha hamu huisha, ndiyo maumbile. Mama mkwe naye asema bahari si pahali pa mke. Lakini nikikaa ufuoni na watoto nikaiona boti inatoka kwenye mlango wa mwamba, roho huniuma. Utafiti wasemaje? Na binti yetu atatimiza miaka 10 mwezi wa Desemba, ameanza kuomba kufunzwa. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Katika barua yako yote, sentensi iliyonikaa ni ile ya roho kukuuma ukiwa ufuoni. Mtu ambaye hamu imemwisha haitazami boti. Huwa na simu yake, au amelala mkekani. Nimefunza mchezo huu kwa zaidi ya miaka 20, na kabla ya hapo nilisomea taaluma ya burudani na mapumziko, kwa hivyo nitakujibu kwa kofia zote mbili.

Mume wako amechukua hesabu ya mbizi akaifanya kipimo cha mapenzi. Hapo ndipo penye kosa, na si kosa lake peke yake, kwani hata watafiti walianzia hapo. Kwa muda mrefu walihesabu mara ngapi mtu amekwenda, ametumia pesa ngapi, ana vifaa gani. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Ufaransa, Gilles Laurent na Jean-Noël Kapferer, waliokuwa wakichunguza tabia za wanunuzi, walionyesha kwamba kuzama kwa mtu katika jambo fulani hakuandikiki kwa namba moja. Kuna sura kadhaa, na mtu huyo huyo anaweza kuwa juu katika sura hii na chini katika ile. Wataalamu wa burudani waliichukua fikra hiyo wakaipeleka kwa wavuvi wa ndoana, wapanda milima, wakimbiaji, na sisi wapiga mbizi. Sura zinazotajwa sana ni tatu: mvuto, yaani raha na thamani unayoiona katika jambo lile, nafasi yake maishani, yaani jinsi ratiba, marafiki na mazungumzo yako yanavyolizunguka, na utambulisho, yaani kama ukijieleza wewe ni nani, jambo hilo limo ndani ya maelezo.

Jipime kwa sura hizo. Mvuto unao wote, barua yako ni ushahidi. Kilichopungua ni nafasi, na nina hakika hata utambulisho umeanza kuliwa pole pole. Mume wako anazungumzia sura ya kwanza, na hiyo ndiyo ambayo hana ushahidi nayo.

Nianze na nafasi, maana hapo ndipo mbizi 77 za tofauti zilikopotelea.

Kupiga mbizi si mchezo wa nusu saa. Wewe wajua: kuamka alfajiri, kukagua vifaa, kupakia mitungi, safari ya boti, mbizi ya kwanza, kupumzika juu ya maji mpaka mwili utoe naitrojeni iliyouingia kutoka kwenye hewa ya mtungi, mbizi ya pili, kurudi, kuosha vifaa kwa maji matamu. Asubuhi yote imekwenda na mchana umeingia. Tena siku yenyewe huichagui wewe. Bahari yetu hufunguka kwa kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, maji yakitulia na macho yakiona mbali. Kusi likiingia, mwezi wa Aprili na kuendelea, mawimbi hupiga mwamba na siku nzuri ni za kuokota. Ndani ya msimu wenyewe kuna bamvua, maji yakijaa na kutoka kwa nguvu, na maji mafu, yakisogea kidogo, na wakati wa bamvua mkondo kwenye mlango huweza kukuvuta kama kamba. Kwa hivyo habari ya siku nzuri huja kwa ghafla. Ijumaa usiku simu inalia: kesho bahari shwari, mtungi wako upo, njoo saa kumi na mbili.

Nani anayeweza kujibu simu hiyo papo hapo? Ni yule asiyekuwa na mtu wa kumtafuta kwanza. Mume wako hujibu "nakuja" kwa sababu wewe upo. Wewe ukipigiwa simu hiyo hiyo, yakubidi umuombe mamako, au umpigie dada wa kazi ambaye Jumamosi ni siku yake, au umwambie mume akae, naye ameshasema "nakuja". Unapomaliza kupanga, boti imeshatoka. Ikitokea hivyo mara mbili kwa mwezi katika kila msimu wa kaskazi kwa miaka saba, daftari hujiandika lenyewe.

Hayo si ya nyumba yako pekee. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa nchini mwaka 2021 na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda wa takriban mara tano zaidi ya wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Mara tano! Burudani inayodai asubuhi nzima, tena kwa taarifa ya usiku mmoja, haiwezi kugawanyika sawa juu ya msingi kama huo, hata wapendanao wakawa wapendanao kiasi gani.

Kuna na jambo la ndani zaidi, ambalo kina Karla Henderson, watafiti wa burudani wa Marekani, wameliandika kwa miaka mingi: wanawake wengi hawajioni kuwa wana haki ya kupumzika mpaka kila mtu mwingine nyumbani awe ameshatoshelezwa. Nimewaona wanafunzi wangu wakiwa kwenye boti, suti imevaliwa, mtungi mgongoni, bado wanaandika ujumbe kuhusu uji wa mtoto. Mume aliye kando yake anafunga mkanda wa uzito, ule wa vipande vya risasi vya kumzamisha, na kuimba. Sisemi mume huyo ni mbaya. Nasema mmoja ameingia majini na nyumba yake yote, mwingine ameingia peke yake. Na raha ya mbizi, ile ya kusikia pumzi yako tu, humtaka mtu aingie peke yake.

Tofauti ikishaanza hujizalia nyingine. Mwaka 1977 Hobson Bryan, aliyewachunguza wavuvi wa ndoana huko Marekani, alieleza kwamba wapenzi wa burudani moja husambaa kwenye ngazi, kutoka anayeonja hadi aliyetopea, na kila hatua hubadilisha vifaa anavyovitaka, mahali anapopendelea, na watu anaokaa nao. Kwetu ngazi hiyo imeandikwa kwenye vyeti. Cheti chenu cha kwanza chawaruhusu kufika mita 18. Cha pili chafika mita 30. Nakisia mume wako alikipata cha pili ulipokuwa na mimba au ukinyonyesha. Ndivyo inavyokuwa kwa jozi nyingi ninazozijua. Mjamzito hapigi mbizi kwa mtungi hata mara moja, na hilo silijadili na mtu, kwa sababu mapafu ya mtoto aliye tumboni hayafanyi kazi bado, hivyo viputo vya naitrojeni havina pa kuchujwa. Baada ya kujifungua husubiriwa ruhusa ya daktari. Basi ni mwaka, au mwaka na nusu, kwa kila mtoto. Katika muda huo yeye amepanda ngazi, na boti anazozipanda sasa zinakwenda kwenye MV Dania, ile meli ya kubebea mifugo iliyozamishwa kusudi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki, nayo imelala karibu na mita 30. Hata ukipata wa kukushikia watoto, safari yenyewe haikuruhusu. Wabaki juu unatazama viputo. Na hapo mtu atasema: mwaona, hamu imemwisha.

Sasa utambulisho. Hapa mchezo wenyewe una hatia, na nalisema hili nikiwa ndani yake.

Fikiria neno letu tu. Mzamiaji, kwa Mombasa, ni kijana aliyejificha ndani ya meli ili afike Ulaya, au ni yule mwanamume wa kuitwa kwenye kivuko cha Likoni maji yakichukua mtu. Maneno yote mawili yana hatari na yana ndevu. Hakuna mtu anayesikia neno hilo akamwona mwalimu wa sekondari mwenye watoto wawili. Hata kazi za wanawake baharini, ambazo ni za kale mno kwenye pwani hii, zilikuwa na mpaka usioandikwa: kutanda duvi, wale kamba wadogo, kwa kitambaa, kuchokoa pweza kwenye mwamba maji yakitoka, na siku hizi kulima mwani kama wafanyavyo kina mama wa Kibuyuni, kule Kwale. Maji ya kiunoni. Kutoka hapo kuelekea kwenye kilindi, ilikuwa ni ya wanaume. Mama mkwe wako hakulitunga lile neno, alilirithi.

Ila mpaka huo ni wa hapa kwetu, haukuwekwa na bahari. Katika kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, wapiga mbizi wa jadi ni wanawake, huitwa haenyeo, na wengi wa walio hai ni mabibi wa miaka 60 na kupanda. Hushuka kama mita 10 bila mtungi wowote, wakishikilia pumzi kiasi cha dakika moja, kutafuta konokono wa bahari na kombe, na mapato yao yamelisha nyumba. UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2016. Japani wapo wenzao, waitwao kwa Kijapani "ama". Msichana wa Jeju akiambiwa bahari si pahali pa mke hataelewa sentensi hiyo ina maana gani.

Na hata upande wa mtungi, mambo yalikwama kwenye vichwa vya watu. Mwaka 1970, Marekani ilipoweka nyumba chini ya maji kwenye Visiwa vya Virgin, kina cha kama mita 15, mwanasayansi Sylvia Earle aliomba kujiunga. Wakubwa hawakukubali wanawake na wanaume wakae pamoja humo ndani, ndipo ikaundwa timu ya wanawake watano, yeye akiwa kiongozi wao. Walikaa wiki mbili. Walifanya kazi yao wakatoka salama, na magazeti yakawauliza habari za nywele.

Magazeti hayo bado yako kwenye boti zetu. Miaka michache iliyopita nilikwenda na mwanafunzi wangu, kijana aliyekuwa na mbizi sita, kwenye boti ya watu nisiowajua. Kiongozi alitutazama, akampa yeye taarifa zote za kina na muda, kisha akanigeukia mimi: "Mama, wewe mfuate tu mzee." Kijana alitaka kufa kwa haya. Mimi nilinyamaza siku hiyo, jambo ambalo sijajisamehe, kwa kuwa kwenye boti ile walikuwamo wasichana wawili wakisikiliza.

Vitu hivi ni vidogo na vyote vina sura ya heshima. Vijana wa boti hukimbilia kukufungia mtungi wako, wakati mume anafunga wake mwenyewe. Baada ya mbizi 17 bado hujui kufunga kwa uhakika, na usipojua, huna amani. Suti ya kukodi imekatwa kwa kifua cha mwanamume, maji yanapita, unatetemeka, unaonekana mwoga wa baridi. Mwenye kushika kamera ni yeye, kwa hivyo picha zote ni zako ukiwa unapigwa. Anayeongoza ni yeye, anayetazama kompyuta ya mbizi, ile ya kuvaa mkononi kama saa, ni yeye, na wewe mkikutana na kasa unaonyeshwa kasa. Umekuwa mgeni ndani ya mbizi yako. Hakuna mgeni anayejiita mwenyeji, na utambulisho haumei hapo.

Liko moja ambalo hucheka nalo wanafunzi wangu wakilitambua. Mwanamke kwa kawaida hutumia hewa kidogo kuliko mwanamume, kwa vile mwili na mapafu yake ni madogo. Katika jozi ya mke na mume, mara nyingi mume ndiye ambaye hewa ya mtungi wake hufika bari 50, kiwango cha kurudi juu, kwanza na wote hulazimika kupanda, wakati mtungi wa mke bado una bari 90. Mbizi yake hukatwa na pumzi za mwenzake. Angalia gauji zenu, vile vipimo vya hewa, mkishuka tena pamoja.

Kuhusu maumbile, nitapita haraka, maana hapana mengi. Hakuna ushahidi thabiti kwamba mwanamke hupata ugonjwa wa kupanda ghafla, ule wa viputo vya naitrojeni mwilini, zaidi ya mwanamume kwa sababu tu ni mwanamke. Hakuna ushahidi kwamba papa humfuata aliye katika siku zake. Jambo la mwili ninalolihimiza ni hili: wanawake wengi hawanywi maji tangu usiku kwa sababu boti haina choo, na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayodhaniwa kuongeza hatari ya ugonjwa ule. Kunywa maji. Uliza choo kabla hujalipa, na kama hakuna, iambie boti wazi kwamba ndiyo sababu unakwenda kwa jirani.

Umeuliza utafiti wasemaje. Jinsia ya mwili na majukumu ya kijinsia ni vitu viwili, na wachunguzi wazuri hawavichanganyi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Sandra Bem, alitengeneza orodha ya sifa 60: 20 zinazohesabiwa za kiume, kama kujitegemea na kuthubutu, 20 zinazohesabiwa za kike, kama upole na kuhisi shida ya mwenzio, na 20 za katikati. Jambo jipya lilikuwa kwamba alizipima kando kando, hivyo mtu mmoja, awe mume au mke, aliweza kuwa na nyingi za pande zote mbili. Orodha hiyo ni ya zama zake na ya kwao, na imekosolewa kwa haki. Lakini nikiwatazama wapiga mbizi kwa jicho lake, naona kitu ambacho wanaume wa boti hawakioni. Mchezo huu hutangazwa kwa sifa za upande wa kwanza: ushujaa, kina, papa. Kinachorudisha watu nyumbani ni za upande wa pili. Kumkagua mwenza kabla ya kuruka. Kumsoma macho ndani ya miwani. Kujua pumzi yake imebadilika kabla hajakuashiria. Na ile kanuni ya kwanza tunayofunza, kwamba yeyote anaweza kuimaliza mbizi wakati wowote, kwa sababu yoyote, na haulizwi. Sikumbuki mwanafunzi wa kike aliyeona ugumu kunyanyua dole gumba kusema tupande. Wa kiume, naweza kuwahesabu wengi waliongoja mpaka hewa ikawa ya kutisha. Mwalimu anayefunza ushujaa peke yake anafunza nusu ya mchezo.

Kwa takwimu za PADI, shirika kubwa la vyeti, wanawake hawajafika nusu ya wanaohitimu. Ni chini kidogo ya wanne katika kila kumi. Tangu mwaka 2015 wamekuwa na siku ya mbizi ya wanawake kila Julai. Kwetu Julai ni katikati ya kusi, kwa hivyo mimi na wenzangu tunapendelea kufanya yetu Februari.

Sasa la kufanya. Anza na somo la kujikumbusha, bwawani, bila mume. Si kwa ugomvi. Ni ili mikono yako ifunge mtungi bila mtu kuinyang'anya kazi. Kisha mbizi mbili tatu za maji mafupi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, na mwenza awe mwanamke mwenye kiwango chako. Wapo, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake ufuoni. Baada ya hapo usome cha mita 30.

Na mume wako, keti naye jioni moja na kalenda ya mwandamo wa mwezi mkononi. Usimwombe "akusaidie" watoto, kwani akikusaidia basi kazi ni yako. Gawaneni maji mafu ya kaskazi yote: haya boti ni yako, yajayo ni yake, na ya tatu watoto wanakwenda kwa bibi yao mwende nyote. Iwe imeandikwa kabla simu ya Ijumaa haijalia. Kwa jinsi unavyomweleza, nadhani atakubali. Anayesema kwa upole mara nyingi hajafikiria tu. Mkishuka pamoja, wewe upange na kuongoza moja, yeye nyingine.

Kuhusu binti, jibu ni ndiyo, mradi awe mwogeleaji kwanza. Nisingempeleka kwenye mtungi mtoto ambaye hawezi kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10 bila kushika kitu, na hilo ndilo litakuwa jaribio lake. Mpeleke daktari amtazame masikio na mapafu. Ikiwa mavazi ndiyo hoja ya bibi yake, mwonyeshe suti ya mpira: inafunika kuanzia shingoni hadi kifundoni. Cheti cha watoto huanza miaka 10, na mtoto wa umri huo hazidi mita 12, tena hashuki ila akiwa na mwalimu au mzazi mwenye cheti.

Mzazi huyo waweza kuwa wewe. Desemba iko karibu, na bwawa la kujikumbusha halingoji kaskazi. Anza mwezi huu, yeye akiogelea upande wake na wewe upande wako.